Bomba Lililonukia Karanga

Mke wangu mwenyewe alimpelekea sufuria. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo paliponiuma zaidi. Mimi nilikuwa fundi mwenye cheti, nimejifunza kuchomelea kwa gesi katika karakana ya shamba la mkonge karibu na Korogwe, na cheti changu kilitundikwa ukutani juu ya meza ya kulia, mahali ambapo kila mgeni angekiona kabla hajaonja chai. Sufuria yetu ikatoboka kitako. Mama watoto akaifunga ndani ya kanga, akapita mbele ya karakana yangu bila kugeuza shingo, akateremka bondeni kwa Mhunzi. Niliporudi jioni niliikuta imezibwa, inachemsha maharage.

"Sasa mimi hapa kazi yangu nini?" nikamuuliza.

"Usikasirike, Baba Asha," akasema huku akichochea kuni. "Wewe una mambo mengi. Halafu ukiziba wewe, inavuja tena."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonitia uchungu. Nilikula maharage yale kwa hasira, na nilikula mengi.

Nilimwonea wivu Mhunzi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nasema wazi, maana nimezeeka na sina wa kumficha. Jina lake silitaji; hata tulipokuwa naye, hakuna aliyelitumia. Wazee walimwita Mhunzi, watoto walimwita Mzee Mhunzi, na mkewe alimwita hivyo hivyo alipotaka kumkaripia. Alizaliwa wapi na wa ukoo gani, waulizeni watu wa Handeni. Mimi nitasimulia niliyoyaona, na mwenye wivu huona vizuri kuliko rafiki.

Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kumi na kitu. Mfupi, mabega mapana, kidole gumba cha kushoto bapa kama kijiko kwa sababu ya nyundo iliyokikosea zamani. Ukimletea kitu cha chuma hakukitazama kwanza. Alikigonga kwa ukucha wa gumba lile bovu, akakisogeza sikioni, akafumba jicho moja. Kisha alikwambia chuma kimechoka wapi. Mimi nilikuwa na miwani ya fundi, na vipimo vya kuazima kutoka shambani, na bado ilinichukua nusu saa kuona alichokisikia yeye kwa ukucha. Nyumbani nilijaribu kwa siri kugonga vyuma kwa ukucha. Nilisikia ukucha.

Alikuwa mchoyo wa ugoro. Angekupa kisu alichokifua siku mbili, bure, kwa sababu tu umekisifu, lakini ukimwomba ugoro alifunga kikopo na kukitia mfukoni kana kwamba hakukusikia. Nilimfahamu miaka yote hiyo na hakuwahi kunikaribisha hata chembe.

Na kuna hili la pikipiki. Alitengeneza pikipiki za watu, lakini hakupanda hata moja maisha yake yote. Kutoka kwake hadi mjini Korogwe alikwenda kwa miguu, na akitaka kufika Handeni aliondoka baada ya sala ya alfajiri na kufika jua limekwisha zama. Mwenyekiti wetu wa chama alimkuta njiani mara moja, amejitwisha mabati, akamwambia apande nyuma.

"Nashukuru, Mwenyekiti," akajibu. "Ninyi mnaipanda kwa sababu hamjaiona ndani."

Mwenyekiti alicheka mpaka akakaribia kuanguka, na akaieneza hadithi hiyo kila alikokwenda. Mimi nilikuwa nimemtengenezea Mwenyekiti breki wiki ile ile, na hakuna aliyesimulia habari za breki.

Siku moja Mhunzi alikuja kwangu kunipa pole ya msiba. Baada ya kunywa maji akakiona cheti, akaniomba nimsomee. Nilimsomea chote, pamoja na mhuri na sahihi. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama anayesikiliza hotuba ya Ijumaa. Nilipomaliza akasema, "Maneno mazuri sana, Fundi. Na juu ya kutu wameandika nini?"

Nikamwambia hawakuandika kitu.

"Basi labda walisahau," akasema, na akaomba maji tena.

Nilikesha nikitafuta kejeli ndani ya swali lile, sikuiona. Angekuwa ananidharau ningepumzika. Alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua.

Juu ya kutu alikuwa na semi zake. "Kutu haina haraka, na wewe usiizidi mbio." Au, "Kutu ni kama mkwe, huanza kula kwa ndani." Watu walizirudia sokoni kama misemo ya wahenga. Nilitunga za kwangu mbili tatu, nikazijaribu kwa wateja. Hakuna aliyezirudia.

Pikipiki ya Mwenyekiti ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani hata wakati huo. Siku za Uhuru niliiona ikipandwa na meneja wa shamba, mzungu mwekundu aliyevaa soksi ndefu, na nilikuwa kijana nisiyeruhusiwa hata kuifuta vumbi. Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa meneja akaenda zake, na pikipiki ikazunguka kwenye mikono ya watu hadi ikafika kwa Mwenyekiti. Injini yake ilikuwa imara. Ugonjwa wake ulikuwa bomba la moshi. Lilitoka mbele ya injini, likapinda goti, likalala chini hadi nyuma, na pale kwenye goti maji yalituama na kutu ikala. Mara ya kwanza lilipotoboka, Mwenyekiti alilipeleka kwa Mhunzi. Huyu alilivisha kipande cha debe, akakikaza kwa waya, akajaza nyufa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu. Nilipokiona nilicheka. Kiraka kile kilidumu masika mawili.

Bomba jipya la kupinda alilifanya kwa namna nyingine, na namna hiyo niliivizia sana. Ukitaka kupinda bomba bila kulivunja kiuno, unalijaza mchanga, unaziba ncha mbili, unalitia motoni mpaka liive, unalizungusha kwenye kisiki. Hilo nililijua hata mimi. Nisilolielewa ni mchanga wake. Sisi tuliishi karibu na mto wenye mchanga mweupe wa kila namna, lakini yeye aliingia jikoni kwa mkewe, akatoka na mchanga mweusi, mchafu, ule ambao mama yule alikaangia karanga. Aliutumia huo tu. Bomba lolote lililopindwa na Mhunzi lilinukia karanga siku tatu nne za kwanza. Baiskeli yenye usukani mpya ilipita, na watoto wakaifuata wakimeza mate.

Mimi nikasema ni dawa. Nilisema kwa mzaha kwanza, kisha nikasema bila mzaha. "Mhunzi hana ufundi," niliwaambia watu. "Ana mchanga wa jikoni na maneno ya kunong'ona." Wengine waliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeacha kwenda kwake.

Kisha ukaja wakati wa vijiji. Tulihamishwa, watu wa bondeni na wa vilimani, tukapangwa mistari kando ya barabara ya Handeni, kila nyumba na namba yake. Nyumba ya Mhunzi ikawa ya nne kutoka kwangu. Asubuhi nilisikia mivukuto yake ikipumua kabla sijanawa uso, na jioni nikaona foleni ya watu mlangoni pake, wenye majembe, wenye mapanga, na wengine waliokuja kukaa tu. Mimi nilikuwa na mitungi ya gesi iliyokuwa inakaribia kwisha, na gesi haikupatikana.

Katika mkutano wa kijiji Mwenyekiti alieleza kwamba hatutaki unyonyaji, mtu asitumie jasho la wenzake kujijaza tumbo. Akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Sikumtaja mtu. Nilisema wapo humu wanaofua majembe ya kijiji mchana, na jioni wanafua vyao na kupokea kuku. Nikasema vyombo vya kazi vya kijamaa haviwezi kukaa uani kwa mtu mmoja. Nilisema vizuri sana siku ile, maneno yalinitoka kama maji. Ilikuwa kweli kwamba alipokea kuku. Na kuku wale aliwala pamoja na kila aliyepita.

Ikaamuliwa fuawe, lile chuma lake la kufulia, na mivukuto vihamishiwe karakana ya kijiji, asifue tena kitu cha mtu binafsi, na karakana iwe chini ya mwenye cheti. Mhunzi alileta fuawe yake mwenyewe, ameibeba begani, jasho linamchuruzika. Akasimama mlangoni.

"Niiweke wapi, Mkuu?" akauliza. "Nisije nikakuharibia sakafu."

Nikamwonyesha pembeni. Tangu siku hiyo aliniita Mkuu, wala hakuwahi kulitamka kwa dhihaka. Nilipata nilichokitaka, na wivu haukupungua hata kidogo. Watu waliingia karakanani wakanisalimu mimi, kisha wakaenda kuzungumza na yeye.

Mwaka ule wa njaa bomba la pikipiki likafa kabisa. Goti lote lilikuwa limebaki kama karatasi. Kesho yake Mwenyekiti alikuwa na safari ya Handeni kwenda kuombea kijiji mahindi, na hapakuwa na chombo kingine. Aliniletea pikipiki asubuhi, akasema, "Mkuu, nakutegemea." Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo mbele ya Mhunzi.

Nilifanya jambo la kwanza la aibu papo hapo. Nilichukua orodha ya zamu, nikampanga Mhunzi shamba la ujamaa siku nzima. Alisoma uso wangu kwa sababu orodha hakuweza kuisoma, akachukua jembe, akaenda.

Nilianza kwa gesi ile kidogo iliyobaki. Kila nilipoziba tundu moja yalizaliwa mawili, chuma kilicholiwa na kutu kikayeyuka kama jibini la mzungu, na gesi ikaisha. Nikachukua bomba zima nililolitunza, lililotoka kwenye mtambo wa mkonge uliokufa, nikalikata kwa urefu unaofaa. Nilikuwa nimetuma watu waniletee mchanga mweupe wa mtoni, msafi, na nikauanika juani tangu asubuhi. Nilijisemea kwamba leo watu wataona kazi isiyo na uchawi wa jikoni. Nikalijaza bomba, nikapigilia vizibo vya mti, nikalitia motoni, nikaanza kuvukuta.

Lililipuka kama bunduki. Kizibo kilifyatuka, kikanipasua shavu chini ya jicho, mchanga wa moto ukamwagika kila upande. Niliketi chini nimeshika uso, damu inapita katikati ya vidole, na wazo langu la kwanza halikuwa jicho. Niliwaza kwamba Mhunzi amesikia.

Alikuwa amesikia. Aliingia na jembe begani, akalitazama bomba, akanitazama mimi, akainama akachota mchanga kidogo kwa gumba lile bapa.

"Umeutoa wapi?"

"Mtoni. Nimeuanika."

"Jua linakausha juu," akasema. "Ndani unabaki na maji yake. Maji yakipata moto ndani ya bomba yatafanya nini? Yatatafuta mlango."

Akatoka. Nilikuwa nimemaliza kujifunga kitambaa aliporudi na mkewe, aliyejitwisha kikaango kikubwa kilichofunikwa, mvuke wa joto unatoka. Mama yule alikuwa ameukaanga mchanga wake tena, mpaka ukawa unatiririka kama maji.

"Mnanimalizia mchanga wangu," akasema. "Nao ninao tangu nilipoolewa."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake. Mchanga uliokaangwa kila siku kwa miaka hauna tone la maji ndani yake. Kila mama wa Kizigua aliyewahi kukaanga karanga alikuwa nao jikoni, na mke wangu alikuwa nao, hatua sita kutoka kwenye cheti changu.

Mhunzi alilijaza bomba taratibu, akiligonga ubavuni kwa kijiti na kusikiliza, akaongeza, akagonga tena, mpaka sauti ikawa nzito kutoka juu hadi chini. Akapigilia vizibo. Kisha akaniambia nivukute. Mimi, Mkuu wa karakana, nikavukuta. Bomba lilipoiva rangi ya embe bivu alilishika kwa koleo, akalizungusha kwenye kisiki kwa mwendo mmoja, bila haraka, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Likapinda bila mkunjo. Harufu ya karanga ikajaa karakana nzima, na mimi nikasimama pale na shavu langu lililopasuka nikitamani mikono ile iwe yangu, nikitamani hivyo kwa nguvu zote, na nikimchukia kwamba si yangu.

Mwenyekiti alifika tunakaza boliti la mwisho. Akalipapasa lile goti. "Nani kafanya kazi hii?"

Mhunzi alikuwa amekwisha chukua jembe lake. "Mkuu wa karakana si huyo hapo?" akasema. "Mimi leo nilikuwa shamba. Angalia orodha."

Akaondoka na mkewe na kikaango chao. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, aliwasha pikipiki akanusa hewa, akashangaa kidogo, akanipa mkono. Aliona kitambaa usoni mwangu, akasema huo ndio moyo wa kujitolea. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Tumshukuru Mungu."

Mahindi yalipatikana. Sifa za bomba zikafika Handeni na zikarudi. Watu walinijia kutoka Hale na Mpale. Niliwapindia mabomba kwa mchanga wa karanga nilioupata jikoni kwangu, na yalipinda, ingawa si kama lile. Na kila siku nilingoja Mhunzi aseme ukweli, mahali popote, kwa mtu yeyote. Hakusema. Nilianza kumwonea wivu hata usingizi wake.

Vijiji vilipolegea alihamia Mnyuzi kwa binti yake. Mkewe alikuwa amefariki. Miaka ikapita, nikasikia haoni vizuri, na siku moja nikapanda treni. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Korogwe.

Nilimkuta barazani na wazee watatu, macho yameingia ukungu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema, na akafumba jicho moja vile vile kama zamani. "Mkuu wa karakana! Wazee, huyu ndiye yule."

Wote wakanigeukia. Binti yake akatoka ndani na sahani ya karanga. "Kumbe ndiye wewe!" akasema. "Baba hachoki kuisimulia."

Mzee akaisimulia tena pale pale. Katika masimulizi yake, yeye ndiye aliyeleta mchanga mbichi wa mtoni, kwa ujinga. Yeye ndiye aliyelilipua bomba, likamchana Mkuu shavu. Na Mkuu, damu zikimtoka, ndiye aliyefikiria mchanga wa karanga. Wazee waliguna kwa kustaajabu mahali panapostahili. Mmoja akaomba kulitazama kovu langu.

"Hapana, wazee," nikasema. "Ilikuwa kinyume chake. Kazi ile ni ya huyu, si yangu."

Wakacheka. "Fundi wa kweli ndivyo alivyo," akasema yule aliyelishika kovu. "Hajisifu."

Nikasema tena, kwa sauti zaidi. Wakacheka zaidi, wakanisogezea karanga.

Alinisindikiza hadi kwenye njia ya stesheni, ameshika kiwiko changu. Hapo ndipo nilipoyatoa yote. "Mzee, mkutanoni, aliyesimama akasema habari za kuku ni mimi."

"Nilikuwepo, Mkuu. Nilikaa mstari wa pili."

"Basi kwa nini unawaambia watu bomba lile ni langu?"

Akatoa kikopo chake, akavuta ugoro taratibu, akakifunga, akakirudisha mfukoni. Hakunikaribisha.

"Ulilitaka sana," akasema. "Na mimi nilikuwa nayo mengine."

Nilifika nyumbani mke wangu anapepeta mahindi. Akauliza mzee hajambo, nikamwambia hajambo. Nikaketi. Kisha nikamwambia, baada ya miaka yote ile, kwamba bomba la Mwenyekiti sikulipinda mimi.

Hakuinua hata uso kutoka kwenye ungo.

"Tunajua, Baba Asha," akasema. "Kijiji kizima. Lilinukia karanga, na siku ile mchanga wangu ulikuwa bado uko jikoni."